Chungu cha Midomo Miwili

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba niliharibu mhadhara wa Mzungu kwa ushenzi wangu. Waseme. Mimi ndiye niliyesimama mbele siku ile, na maneno yote yalipita kinywani mwangu, kwa hiyo nitayaeleza mwenyewe, na atakayechukia achukie.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini. Reli ilikuwa imeshafika Shinyanga, na dhahabu ya Geita ilikuwa imeshawatia watu wazimu. Nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa ambaye hajaolewa, jambo lililowasumbua shangazi zangu kuliko lilivyonisumbua mimi. Nilikuwa nimesoma kwa wamisionari, nikajua kusoma, kuandika, kufunga vidonda na kusema Kiswahili kizuri. Wanawake wa mjini, wale Waislamu waliozaliwa na watu wa pwani na wa bara, walinitania kwamba nimekiiba. Nyumbani kwetu Samuye tulisema Kisukuma tu. Kiswahili cha mama yangu kiliishia dukani, kwenye chumvi na kaniki.

Ndipo akaja Mzungu mmoja na mkewe, na masanduku ya picha za kioo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo nyekundu na sauti ya upole. Serikali ilimruhusu kuzunguka akiwahutubia watu juu ya mambo ya kale, na huko huko alikokuwa akipita akusanye vitu vya kale vya nchi yetu. Kiswahili alikuwa amejifunza pwani, na alikisema taratibu, kama anayetembea juu ya mawe mtoni. Lakini wakulima na wafugaji wa vijijini hawakukielewa sana, kwa hiyo alihitaji mtu wa kukigeuza Kisukuma. Wamisionari wakanitaja mimi. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, na mimi nilimwita Bwana.

Tuelewane: hakuwa mtu mbaya. Hakunitukana hata siku moja, na alipokuwa hajui jambo alisema hajui. Nimekutana na wabaya, nawajua. Huyu alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kuupinga.

Mhadhara wa kwanza ulifanyika mjini, katika ghala la pamba la Mhindi mmoja mfanyabiashara. Ulikuwa mchana, milango ikafungwa ili picha zionekane, na tukakaa mle gizani kwenye joto, vumbi la pamba linatukereketa kooni. Taa ilipowashwa, shuka nyeupe ukutani ikajaa mlima wa mawe uliochongwa, nao watu wakaguna. Kisha ikaja picha ya maiti ya mfalme wa Misri, amekauka, amefungwa vitambaa mpaka shingoni.

Mzee mmoja wa Kiislamu, mwenye duka la nguo, akasimama akauliza kama huyo ni Firauni. Bwana akasema naam, ni mmoja wao. Mzee akasema Firauni alizama baharini na jeshi lake lote, sasa hawa wamemtoaje kaburini? Bwana akaeleza kwa subira kwamba wafalme wa jina hilo walikuwa wengi. Mzee akakaa chini akisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba yeye mmoja alikuwa anamtosha. Ghala zima likacheka, na Bwana naye akacheka. Mimi nikabaki na kazi ya kuwaeleza Wasukuma Firauni ni nani na kwa nini watu wa mjini wamemkasirikia.

Wasukuma hawakujali alizama au hakuzama. Mkulima mmoja wa Didia aliuliza jambo jingine: nani aliwapa ruhusa ya kumfukua?

Bwana akajibu kwamba wenye kaburi ni watu waliokwisha. Hakuna aliyebaki wa kuombwa ruhusa. Ndiyo maana vitu vyao vinakusanywa, vinatunzwa kwenye nyumba kubwa Ulaya, ili dunia isiwasahau.

Hapo nilikwama kidogo. Kwetu neno la kwisha tunalo. Unga unakwisha. Chumvi inakwisha, mvua inakwisha, na subira ya shangazi zangu ilikwisha zamani. Lakini watu? Sikuwahi kusikia mtu kwetu akisema watu wamekwisha, kama vile kuna mkono uliowachota mpaka chini ya kibuyu. Nililigeuza neno hivyo hivyo lilivyo, na watu wakaangua kicheko, wakidhani nimekosea. Yule wa Didia akauliza tena, kwa kutania: na wenyewe wakirudi je?

"Wakirudi," Bwana akasema akitabasamu, "nitawapa vitu vyao kwa mikono yangu mwenyewe."

Nalo nikaligeuza. Watu wakapiga makofi. Nakumbuka nililipenda jibu lile.

Sasa inabidi nimweleze mama yangu, maana bila yeye hakuna habari.

Kabla yangu mama alizaa mapacha. Kwetu tunawaita mabasa, na mwenye kuwazaa si mama kama mama wengine. Anaingizwa kwenye kundi la waliozaa mapacha, anachezewa ngoma, anaimbiwa nyimbo ambazo nitazisema mbele, na mlangoni kwake kinawekwa chungu chenye midomo miwili, mmoja wa mkubwa na mmoja wa mdogo. Majina ya mapacha hayachaguliwi, yapo tayari. Hata anayezaliwa nyuma yao jina lake lipo tayari, na ndilo langu. Sitaliandika hapa, lakini mtu yeyote wa kwetu akilisikia anajua papo hapo kwamba mbele yangu walitangulia wawili.

Wale wawili hawakukaa. Na kwetu husemi mapacha wamekufa, wala huwalilii. Unasema wamerudi. Mama alisema hivyo maisha yake yote, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema wamekwenda kisimani. Akaendelea kutia maji katika midomo yote miwili kila mwezi ulipoandama, na nilipoanza kutembea nikawa namshikia kibuyu.

Wakati huo tulikaa upande wa magharibi, huko Geita, kwenye nchi ya misitu. Kisha ukaja ugonjwa wa malale na mbung'o wake, na serikali ikaamuru watu wahame. Tarishi wa boma alikuja asubuhi akataka nyumba ziwe tupu upesi. Mama akamwambia kwamba chungu cha mapacha hakibebwi hivi hivi, lazima wakusanyike waliozaa mapacha, waimbe, wakiinue pamoja. Tarishi akamjibu kwamba mbung'o hawangoji ngoma. Basi tukaondoka, mimi mgongoni mwa baba, na chungu kikabaki mlangoni pa nyumba iliyokuwa inachomwa moto nyuma yetu.

Samuye mama hakuweka chungu kingine. Kile kilikuwepo, alisema, iweje afinyange cha pili? Mwezi ukiandama alitoka akamwaga maji chini, mahali patupu karibu na mlango, mara mbili. Nimekua nikiyaona maji yale yakinywewa na vumbi. Baba alikwisha kuaga dunia, mama alikuwa ameanza kuinama, na jambo moja tu ndilo alilokuwa akilitaka, kwamba asiwakute watoto wake huko atakakokwenda bila chungu chao kuwa mahali pake. Alinitisha aliposema hivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika.

Baada ya Shinyanga tulikwenda Geita. Mke wa Bwana alikuwa pamoja nasi kwenye lori, kwa hiyo shangazi zangu wakakosa la kusema, ingawa walijaribu. Huko mhadhara ulifanyika kwenye kambi ya wachimbaji, chini ya turubai. Bwana aliwaonyesha mavi ya chuma aliyoyaokota mlimani, akasema hayo ni masalio ya wahunzi wa nchi hii hii, waliofua majembe kwa ustadi mkubwa. Wachimbaji walicheka jina la kitu, kisha wakauliza swali lao moja: hao wa kale walijua dhahabu ilipo? Bwana akasema hajui. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja kurudi mashimoni.

Siku zilizofuata, wachimbaji wengine walimletea habari ya kijiji kilichokufa. Ndivyo walivyokiita. Walikuwa wanatafuta mwamba wenye dhahabu, wakakuta udongo mweusi wa nyumba zilizoungua, mawe ya kusagia, vyungu. Bwana alikwenda na watu wake, akachimba taratibu kwa brashi na kijiko, akarudi na masanduku yaliyopigwa misumari. Mimi sikwenda. Lakini waliponieleza njia, kijito na kilima chenye mawe mawili yaliyoegemeana, nilipatambua. Palikuwa karibu kabisa na kwetu.

Nilimwambia Bwana kwamba watu walikaa pale juzi juzi tu, serikali ikawaondoa kwa ajili ya malale. Alisikiliza vizuri. Akasema inawezekana juu pamekaliwa karibuni, lakini chini pana mambo ya zamani sana, na kazi yake ni kuyatenganisha. Masanduku yakapandishwa kwenye lori.

Mhadhara wa mwisho ulikuwa Shinyanga tena, katika ghala lile lile, kabla masanduku hayajapakiwa kwenye treni kwenda pwani na kutoka pwani kwenda kwao. Safari hii watu walikuja wengi, hata wanawake wa vijijini waliokuja mnadani, wengine na watoto migongoni, wengine wakitoka kuwaona wagonjwa wao hospitalini Kolandoto. Mbele paliwekwa meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake palikuwa na mawe, vipande vya chuma, shanga, na kitu kimoja kilichofunikwa.

Bwana alihutubia juu ya vitu vya mezani, kimoja kimoja, nami nikageuza. Mwishowe akafunua kile kilichofunikwa.

Kilikuwa chungu chenye midomo miwili. Mdomo mmoja ulikuwa juu, wa pili chini kidogo. Nilikuwa nikiukumbuka ule wa chini, maana ndio niliokuwa naufikia nikiwa mtoto, nikashika ukingo wake kwa vidole huku mama akimimina. Kwenye ghala palitokea mnong'ono upande wa wanawake.

Bwana akasema hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyovipata. Akasema huenda kina umri wa mamia ya miaka, kwamba waliokifinyanga labda waliabudu miungu miwili, mmoja wa mbingu na mmoja wa ardhi, na kwamba watu hao wamekwisha.

Akaningoja nigeuze.

Sikugeuza. Watu wakanitazama. Mkewe akanitazama. Bwana akadhani sikusikia, akarudia pole pole: watu hao wamekwisha.

"Hilo siligeuzi, Bwana," nikamwambia kwa Kiswahili. "Hicho ni chungu cha mama yangu."

Aliniuliza, bila hasira, ninajuaje. Nikamwambia aniulize jina langu. Akashangaa, akataja jina la ubatizo. Nikamwambia hilo ni la kanisani, nina jingine la nyumbani ambalo hakuwahi kuniuliza. Kisha nikawageukia watu, nikawaambia kwa Kisukuma: mimi naitwa fulani, chungu hiki ni cha walionitangulia, na huyu Bwana anasema sisi tumekwisha. Naye nikamweleza kwa Kiswahili kwamba jina hilo hutolewa kwenye nyumba iliyozaliwa mapacha.

Msinidhanie sikuogopa. Lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko woga, na naisikia mpaka sasa ninapoandika. Walitutoa kwa amri, wakazichoma nyumba zetu, halafu kabla ya mvua ishirini kupita wakaja wenzao na brashi wakatukuta sisi ni watu wa kale. Nani alitufanya wa kale? Tulikuwa Samuye, tunapalilia mtama, mbali kidogo tu na meza yao.

Bwana akasema jambo lililonikera kwa sababu lilikuwa na akili. Alisema jina langu linaonyesha kwamba mama yangu alizaa mapacha, halionyeshi kwamba chungu hiki ni chake. Wanawake wengi wamezaa mapacha. Nikamwambia basi kama ni wengi, wamekwishaje?

Na kabla hajajibu, mwanamke mmoja kutoka nyuma alianza kuimba.

Nimeahidi kuzisema nyimbo zile. Nyimbo za mapacha kwetu ni matusi. Si matusi ya kuficha ficha, ni matusi kamili, ya viungo vyote vya mwili na kazi zake, na ni lazima yaimbwe hivyo, na waliozaa mapacha, wanawake kwa wanaume, bila haya, kwa sababu mapacha wenyewe wamevunja utaratibu wa kuzaliwa. Ukiyatamka siku nyingine unatozwa mbuzi. Ukiyatamka mbele ya chungu, unawaheshimu. Yule mwanamke aliimba, wa pili akapokea, na mara wote waliozaa mapacha mle ghalani walikuwa wamesimama, hata bibi mmoja niliyekuwa nikimwona kanisani kila Jumapili na kitabu chake cha nyimbo.

Mzee wa duka la nguo alivuta kofia mpaka masikioni, akasema astaghafirullah, akatoka nje na wenzake. Mke wa Bwana alinisogelea akitabasamu. Alipenda sauti zile. Akaniuliza wanaimba nini.

"Wanawasalimu watoto," nikamwambia.

Nikachukua chungu mezani. Hakuna aliyenizuia, na Bwana mwenyewe alisimama tu, mikono imeinuka kidogo, nadhani alihofia nitakiangusha. Wanawake wakanizunguka, wakaweka mikono yao chini ya mikono yangu, kama inavyotakiwa, tukakiinua pamoja na kukitoa nje kwenye jua. Tuliimba mpaka tukaupita mji. Mkewe alibaki mlangoni akitupungia mkono.

Samuye tulifika jua likiwa bado lipo. Mama alikuwa uani anapepeta. Alizisikia nyimbo kabla hajatuona, akaweka ungo chini, akasimama. Wanawake wakakiweka chungu mbele yake. Mimi nilikuwa nikingoja uso wake ufunguke, nilikuwa nimeungoja njia nzima.

Mama akachuchumaa. Alikuwa na kidole gumba cha kulia kilichopinda, kilichovunjika alipokuwa binti, na kwenye shingo ya chungu palikuwa na alama za kidole zilizoizunguka kama ushanga. Akaweka gumba lake kwenye alama moja, akalizungusha, akajaribu nyingine. Alama zilikuwa zimenyooka. Zilikuwa ndogo pia, za mwanamke mwenye mikono myembamba.

"Si changu," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, mdomo wa pili uko chini, nimeukumbuka. Akaniambia mdomo wa pili uko chini kwenye vyungu vyote, kwa sababu wa pili ndiye mdogo, na kama ningeuliza ningejua. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akajizuia.

Mama akanitaka nimweleze yaliyotokea, yote. Nikaeleza. Nilipofika kwenye neno lile la kwisha alinirudisha nyuma, nikalisema tena. Nilipofika kwa mzee aliyevuta kofia masikioni, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakitazama chungu muda mrefu. Akasema mwenzake mwenye chungu hiki, popote alipohamishiwa, naye anamwaga maji chini. Akaniagiza nilete kibuyu.

Bwana alikuja kesho yake asubuhi kwa motokaa, na mkewe, bila askari. Nilimsifu moyoni kwa hilo. Watoto wa kaka zangu waliikimbilia ile motokaa, uani pakawa na kelele. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, chungu kipo kando ya mlango, kimetiwa maji. Bwana akavua kofia, akasema shikamoo, Kiswahili cha heshima, na mama akaitika marahaba, kwa maana hilo alilijua.

Akasema hakuja kugombana. Sanduku bado liko stesheni. Kama chungu ni cha mama huyu kweli, atakiacha na kuomba radhi. Kama si chake, anaomba akichukue, kwa sababu kikiachwa hapa kitavunjika na dunia haitakijua tena. Alikuwa mkweli, uso wake ulionyesha. Akanigeukia akasema ananiomba jambo moja tu, nigeuze maneno ya mama kama yalivyo, nisiongeze, nisipunguze.

Nikamwambia nitafanya hivyo. Na nilifanya. Hapo ndipo watu wanaponisema zaidi, na hapo ndipo ninaposimama.

Nikamwuliza mama kwa Kisukuma: Bwana anauliza chungu hiki ni cha nani.

Mama yangu hakujua kusema uongo. Kwetu aliyezaa mapacha ni mama wa mapacha wote, anawaita wanangu akiwakuta njiani, wanamwita mayu, yaani mama, na hakuna anayemwuliza kama aliwabeba yeye tumboni.

"Mwambie ni cha wanangu," akasema.

"Anasema ni cha wanawe," nikageuza.

Bwana akainamisha kichwa, akafikiri. Niliona kwamba hajaridhika. Akauliza swali jingine: watoto hao, mapacha hao wenyewe, wako wapi?

Nikaligeuza. Mama akamtazama Bwana usoni, kwa sauti ile ile ya siku zote, kama anayesema wamekwenda kisimani.

"Wamerudi."

Nilijua mama amesema nini. Nilijua pia Kiswahili cha Bwana kitasikia nini, kile Kiswahili chake kizuri cha pwani, ambamo aliyerudi yuko nyumbani. Ningeweza kueleza. Lakini niliagizwa nisiongeze wala nisipunguze.

"Wamerudi," nikageuza.

Bwana akageuka akawatazama watoto waliokuwa wakiichezea motokaa, wakipanda na kushuka, wawili kati yao wamelingana kimo. Aliwatazama kitambo. Nadhani alilikumbuka jibu lake la siku ya kwanza, kwa sababu masikio yake yaliiva kwa wekundu. Akakisogelea chungu, akakiinua kwa mikono yake mwenyewe, maji yakamwagikia viatu vyake kidogo, akamkabidhi mama. Akasema samahani. Hilo sikuhitaji kuligeuza.

Kazi yangu iliishia pale. Kanisani nilisimamishwa kuimba kwa muda mrefu kwa ajili ya nyimbo zile, na yule bibi mwenzangu pia, tukawa tunakaa naye benchi la nyuma tunatazamana. Shangazi zangu walisema sasa sitaolewa kabisa. Niliolewa, na mume niliyempata alinitaka kwa sababu ya siku ile. Sijaomba radhi kwa yeyote. Kama neno lilipita kwangu likiwa na maana mbili, walikuwa wameshapita wengi nchini mwetu na maneno yenye maana mbili, na yao yalitutoa majumbani.

Motokaa ilipoondoka, mama hakukirudisha chungu mlangoni. Alikibeba mpaka ukingoni mwa uwanja, palipopakana na njia kuu, akakiweka pale kila mpita njia anapoweza kukiona. Nikamwambia watakiiba, au ng'ombe watakivunja.

"Mama yao akipita atakionaje, kikiwa ndani kwangu?" akasema.

Mwezi ulipoandama alitoka na kibuyu. Akatia maji kwenye mdomo wa juu, akatia kwenye mdomo wa chini, akiwasalimu watoto wa mtu. Kisha akarudi mlangoni kwake, akamwaga maji chini kwenye vumbi, mara mbili, kama kawaida.